Tuandikieni kanuni ya makasha: barua ya wazi kwa wanaosimamia bustani za Nairobi

Kwa Serikali ya Kaunti ya Jiji la Nairobi,
Kwa Huduma ya Misitu ya Kenya (KFS),
Kwa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya,

Waheshimiwa,

Tunaomba karatasi moja. Ukurasa mmoja tu, wenye mhuri, unaosema ni wapi katika bustani na misitu ya jiji hili mtu anaruhusiwa kuficha kasha la mchezo wa jiokashingi, ni wapi haruhusiwi, na ni nani wa kuulizwa kabla ya kuficha. Hatuombi pesa, hatuombi jengo, wala hatuombi mgeni rasmi aje kukata utepe. Hadi leo jibu tunalopata hutegemea ni askari gani yuko zamu langoni na ameamkaje asubuhi hiyo.

Kwa ambao hawajakutana na mchezo wenyewe, nitaueleza kwa ufupi. Mtu huchukua kasha dogo lisiloingiza maji, hutia ndani daftari na penseli, pengine na vitu vidogo vya kubadilishana, kisha hulificha mahali ambapo umma unaruhusiwa kufika. Hupima latitudo na longitudo ya pale na kuzitangaza kwenye intaneti. Mwingine huziingiza katika simu yake, huenda, hutafuta, na akilipata kasha huandika jina na tarehe, kisha hulirudisha palepale. Ni brikicho ile tuliyocheza mitaani, ila anayejificha ni kopo, na wanaotafuta wanaweza kuwa wametoka Umoja au Ujerumani.

Ulianzia Marekani. Hadi mwanzoni mwa Mei 2000 serikali ya huko ilikuwa ikivuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS, mfumo wa setilaiti wa kuonyesha mahali, yanayotumiwa na raia, hivi kwamba kifaa chako kingeweza kukosea kwa karibu mita 100. Rais Bill Clinton akaamuru uvurugaji huo ukome, na kwa usiku mmoja vifaa vya watu wa kawaida vikaanza kuonyesha mahali kwa kukosea mita chache tu. Tarehe 3 Mei mwaka huohuo Dave Ulmer aliweka ndoo porini karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akatangaza vipimo vyake. Ndani mlikuwa na vitabu, pesa kidogo, manati na kopo la maharagwe. Haikuchukua wiki moja ndoo ikapatikana. Leo kuna makasha zaidi ya milioni tatu ulimwenguni, na Nairobi nayo ina yake. Ndoo ile ya kwanza, kwa taarifa yenu, ilikuwa imezikwa nusu ardhini. Kanuni za mchezo wa sasa zinakataza kuchimba, isipokuwa kwa idhini ya mwenye ardhi.

Mwaka jana, katika bustani moja ambayo sitaitaja, vijana wawili tunaotembea nao waliinama kando ya njia kukagua kasha lao wenyewe, kama mwenye kasha anavyotakiwa kufanya mara kwa mara. Mlinzi akawaona. Swali lake la kwanza lilikuwa bangi iko wapi. Wakafungua kasha, wakaonyesha daftari, wakaonyesha ramani kwenye simu. Haikusaidia. Walikalishwa nje ya kibanda hadi jua likageuka, na bwana wa pili aliyefika akawashauri waongee vizuri. Kila anayeishi Nairobi anajua mazungumzo ya namna hiyo huishia wapi. Walikataa, kasha likachukuliwa, wakaachiliwa.

Sina kinyongo na yule mlinzi. Ameajiriwa na kampuni, mshahara wake anaujua mwenyewe, na kama angeona vijana wanatia mikono kichakani akageuza uso, siku jambo likitokea yeye ndiye angeulizwa. Alimpigia msimamizi wake simu. Msimamizi naye hakuwa na pa kusoma. Hakuna aliyewahi kuandika lolote, kwa hiyo kila mtu huamua kwa kadiri ya hofu yake.

Na hofu yenyewe ina sababu. Mji uliopitia mashambulizi ya kigaidi ya Westgate Septemba 2013 na DusitD2 Januari 2019 hauwezi kuambiwa upuuze kopo lililofichwa. Hata Uingereza, ambako mchezo huu umeenea sana, yaliwakuta. Julai 2011, katika mji mdogo wa Wetherby, mtu alionekana akishughulika na kisanduku nje ya mkahawa, polisi wakaitwa, na wataalamu wa mabomu wakakilipua. Kilikuwa kasha la mchezo. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba walinzi wetu wana wasiwasi uliopitiliza, nitamkatalia.

Dawa ya wasiwasi huo inajulikana, na ni rahisi. Kasha liwe la plastiki ngumu inayoonyesha vilivyomo, ili mlinzi aone daftari kabla hata ya kugusa kifuniko. Liwe na lebo kwa Kiswahili na Kiingereza inayosema ni kitu gani, nambari yake ni ipi na simu ya mwenyewe. Lisiwe na waya, mkanda mweusi wala kitu cha chuma kilichofungwafungwa. Kisha orodha ya makasha yote ya bustani ile, pamoja na ramani, ikae ndani ya kibanda cha langoni. Mlinzi akiona mtu ameinama, anatazama orodha: nambari 4, chini ya mti kando ya njia ya mto, sawa. Kama halimo kwenye orodha, ana haki zote za kuliondoa na kumwita polisi, na sisi tutamuunga mkono.

Sasa nije kwenye ardhi, maana ndiyo iliyonifanya nikae chini kuandika.

Jiji hili lina historia ndefu ya bustani kumegwa. Mwaka 1989 Uhuru Park nusura ipandishwe jumba la orofa 60. Mwanamazingira Wangari Maathai akaandika barua baada ya barua, akakejeliwa Bungeni, na mwishowe jumba likakosa wa kuligharimia. Miaka kumi baadaye, Januari 1999, alipigwa akajeruhiwa kichwani huko Karura alipokwenda kupanda miti katika ardhi ya msitu iliyokuwa imegawiwa watu binafsi. City Park nayo imepoteza vipande. Uhuru Park angalau iko machoni pa kila anayepita Kenyatta Avenue. Karura ya wakati ule haikuwa hivyo: watu waliiogopa, wengi waliijua kama mahali pa kuporwa au pa kuokota maiti, na mahali panapoogopwa hapana mashahidi. Mabati husimama kwanza, hati hufuata, na siku wananchi wanapogundua, tayari kuna mtu mahakamani anajiita mnunuzi asiye na hatia.

Kilichoibadilisha Karura ni ua wa umeme, ndiyo, lakini pia ni miguu. Familia, waendesha baiskeli, watu wa kukimbia asubuhi. Tatizo ni kwamba miguu hupenda njia zilezile. Watu huingia langoni, huenda kwenye maporomoko, huenda kwenye mapango, hula, hurudi. Msitu una zaidi ya hekta 1,000, na sehemu kubwa yake haipati mgeni. City Park ni hivyohivyo: watu hukaa upande wa mbele wakiwapa kima njugu, na upande wa nyuma, unaopakana na majumba, huachiwa nyasi.

Mchezo huu humpeleka mtu hadi kona hizo. Kanuni zake zinataka makasha yaachane kwa mita 161 au zaidi, kwa hiyo hayawezi kurundikana mlangoni. Mtu akitaka yote, lazima azunguke bustani nzima. Akifika huandika tarehe kwenye daftari, kisha huandika tena mtandaoni, mara nyingi akiweka na picha. Pakiwa na bikoni mpya ya mpaka mahali ambapo mwezi uliopita palikuwa na kichaka, mtu ataiona. Pakiwa na lori limemwaga kifusi, mtu ataandika. Msimamizi wa bustani anapata taarifa ya mwaka mzima ya kona ambazo hana askari wa kutosha kuzizungukia, bila kumlipa yeyote nauli. Sidai kwamba daftari la kurasa ishirini litamzuia mnyakuzi mwenye mawakili. Nadai kwamba litafanya iwe vigumu kwake kusema hapakuwa na mtu pale.

Zaidi ya hapo, tangu 2002 wachezaji wa nchi mbalimbali wamekuwa na desturi ya kukusanyika kuokota taka katika maeneo wanayochezea. Tungefurahi kuifanya hapa kwa ratiba yenu. Kazi ya kwanza ingekuwa mto unaopita City Park, na glavu tutaleta wenyewe.

Mtu wa uhifadhi ataniuliza kuhusu mimea, na ana haki. Mchezo ukiachwa bila kanuni huumiza. Hapa karibu na ikweta tarakimu ya tatu baada ya nukta katika dakika, iwe ya latitudo au ya longitudo, ni kama mita 1.85 ardhini, na kwenye uwanja wa wazi simu nzuri hukosea mita chache tu. Chini ya miti mirefu, hata hivyo, simu huyumba na kukuzungusha mita tano, mita kumi. Watu kumi wakizunguka hivyo mwezi wa Aprili, udongo umelowa, tayari wamechora njia ambayo haikuwepo, na maua ya chini yamekwisha. Ndiyo maana tunapendekeza kasha likae mita mbili au tatu tu kutoka njia iliyopo, mahali ambapo mkono unafika bila mguu kuacha njia. Msumari usipigwe mtini. Mawe yasihamishwe. Na kila kasha lihame au liondolewe baada ya mwaka, ili mahali papumzike.

Kuna suala la plastiki ambalo wachezaji wageni hulisahau kila mara. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika misitu, mbuga na maeneo mengine ya hifadhi nchini, na mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilikwisha kupigwa marufuku tangu Agosti 2017. Kasha gumu linalodumu miaka halina shida. Lakini desturi ya ng'ambo ni kulitia daftari ndani ya kijifuko chepesi cha plastiki kabla ya kufunga, na hapo ndipo mtalii anaweza kujikuta na kesi asiyoielewa. Kanuni yenu iseme wazi: hakuna kijifuko. Penseli badala ya kalamu ya wino, kifuniko chenye mpira, daftari la karatasi nzito, na masika yatapita salama.

Na iseme pia hakuna chakula. Wapenda mchezo wa hapa nyumbani, wakiambiwa watafute kopo, wa kwanza kufikiriwa ni mkebe wa Blue Band. Uoshe utakavyo, harufu haiishi. Kima wa City Park, ambao wamezoeshwa kula kutoka mikononi mwa watu, wataufungua kabla ya mgeni yeyote, na karatasi mtaikuta juu ya mti.

Kuna mahali ambapo sisi wenyewe hatutaki kasha. Uhuru Park ni mmojawapo, kwa sababu Bunge liko ng'ambo ya barabara na hakuna haja ya kumjaribu askari yeyote. Lakini mchezo una aina isiyo na kopo kabisa: mgeni hufika mahali, hutazama, hujibu swali. Pale kwenye kona ya Uhuru Park kuna mnara wa kumbukumbu ya Mau Mau uliozinduliwa Septemba 2015. Mwanamke anampa mpiganaji chakula, na hawatazamani, ili akikamatwa mmoja asiweze kumtaja mwenzake. Maelfu hupita pale na matatu bila kuliona hilo. Swali moja kwenye simu, "Kwa nini wanaangalia pande tofauti?", lingemfanya mtu asimame dakika tano mbele ya sanamu ambayo imesimama pale miaka yote hiyo.

Vivyo hivyo makaburini. Ndani ya City Park amelala Pio Gama Pinto, mwanasiasa na mpigania uhuru aliyeuawa kwa risasi Februari 1965, na karibu naye Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya, aliyetaka azikwe jirani na rafiki yake. Kasha lisikaribie hapo hata kidogo. Mgeni aje, asome tarehe kwenye kaburi, azitumie kupata tarakimu za hatua inayofuata, aondoke kwa adabu. Mapango ya Karura, waliyojificha wapiganaji, nayo yabaki bila kopo. Yana popo, na yana heshima yake.

Hili la kukusanya tarakimu ndilo ningependa mlifikirie zaidi, hasa kwa Arboretum. Bustani ile ilianzishwa 1907 ili kujaribu miti ya kigeni, enzi ambazo reli ilikuwa ikila kuni, na leo ina zaidi ya aina 350 za miti, mingi ikiwa na kibao cha jina. Iko karibu na Ikulu, kwa hiyo makopo kumi vichakani halitakuwa wazo zuri. Mnaweza kuwa na moja tu. Mgeni anapewa vipimo vya mti wa kwanza, anahesabu herufi za jina la kisayansi kwenye kibao, anapata tarakimu moja, anaenda mti wa pili, wa tatu, hadi wa nane. Mwisho wa hesabu unamrudisha langoni, ambako kasha liko mezani kwa mlinzi. Analitia sahihi mbele yake. Hakuna kilichofichwa, hakuna wa kukamatwa, na mtoto wa darasa la sita amesoma majina ya miti minane akidhani anacheza. Walimu wanaohangaika kutafuta safari ya bei nafuu watawashukuru.

Mtauliza nani atasimamia yote haya, nanyi hamna watumishi. Hapa ndipo karatasi moja inapofanya kazi kubwa kuliko urefu wake. Kila kasha linalotangazwa kwenye tovuti kuu ya mchezo hukaguliwa kwanza na mhakiki wa kujitolea, na kanuni za mchezo zinamtaka mwenye kasha awe na ruhusa ya mwenye ardhi. Mhakiki huyo anaweza kuwa anaishi bara jingine. Nairobi ikiwa haina kanuni, hana cha kushikilia, naye huamini maneno ya mwombaji. Ikiwa na kanuni iliyoandikwa, ataifuata: asiye na nambari ya kibali chenu hatatangaziwa kasha lake. Na msimamizi wa ardhi akiandika kwamba kasha fulani liondolewe, tangazo lake hufungwa. Mtakuwa mnasimamiwa bustani zenu na watu msiowalipa, walio tayari kuwatii, mradi muwe mmesema mnataka nini. Mkinyamaza, makasha yatawekwa vilevile na wageni wanaopitia siku tatu kisha wakapanda ndege, na kopo likipasuka hakuna wa kulizoa.

Nigusie ada, kwa sababu katika jiji letu kibali kikizaliwa, ada haikawii. Wapiga picha wanaijua hadithi hiyo. Mchezo huu ni wa bure, na wengi wanaoucheza hapa ni vijana waliokwisha kulipa kiingilio langoni na nauli ya kufika. Mkiweka ada ya kibali, wenye kulipa watakuwa kampuni za utalii, na vijana watarudi kuficha bila kuuliza. Kibali kiwe bure, kiwe cha mwaka mmoja, kitolewe na ofisa anayejulikana kwa cheo chake, na kijibiwe ndani ya siku 30. Kiwe kimoja kwa taasisi zote tatu kama mnaweza kukubaliana. Mkishindwa, basi vitatu vinavyofanana.

Rasimu ya ukurasa huo tumeshaiandika, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na tutaileta ofisini mtakakotuelekeza. Tutaleta pia kasha la mfano lenye lebo yake, ili walinzi walishike, walifungue na kuuliza maswali yao kabla ya lolote kuwekwa. Mkitaka kuanza na bustani moja kwa majaribio ya miezi sita, tunashauri City Park, kwa kuwa ina kona nyingi zenye kuhitaji macho na ilishatangazwa turathi ya kitaifa. Na mkiona mchezo huu haufai kabisa, tuandikieni hivyo pia, kwa mhuri uleule. Tutakwenda kuyaondoa makasha yetu sisi wenyewe, Jumamosi itakayofuata.

Wenu katika kuzitunza bustani,

Mtembezi na mtafuta makasha,
Parklands, Nairobi